Sehemu ya Pili ya MBS-14

Saa 4:20 asubuhi

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la kuziba pancha. Meza moja, viti vitatu, ndoo iliyopinduliwa. Hewa ilinuka gundi na mpira ulioungua. Mkandarasi alifunga mlango, akatia komeo, akatandaza karatasi mezani.

"Karani, sema. Mara moja tu. Harudii mtu."

Karani alivaa miwani. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza kwenye chumba cha udhibiti cha reli, akipanga treni za mizigo: ipi ipite, ipi isubiri, ipi ifutwe. Miaka miwili iliyopita walileta mashine, wakampa cheti na saa ya ukutani. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemuuliza treni gani inapita wapi saa ngapi. Mkandarasi ndiye wa kwanza kumuuliza. Akitafuta sababu ya kukaa ndani ya chumba hiki, Karani hakupata nyingine yenye uzito kuliko hiyo.

"Nilipoanza kazi," alisema, "treni za mizigo hazikuwa na herufi. Namba tu. Witiri kushuka bandarini, shufwa kupanda bara. Ishirini na tatu inashuka, ishirini na nne inapanda. Kisha akaja meneja mmoja aliyependa herufi. Ya kwanza, treni inakotoka. Ya pili, inakokwenda. Ya tatu, ilichobeba."

"Tunaibia reli au tunafanya mtihani?" aliuliza Bubu.

Bubu alikuwa binamu yake Mkandarasi. Walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwahi kufungwa, hata usingizini.

"Nyamaza usikie," alisema Mkandarasi.

"Kisha mashirika mawili yakaunganishwa," Karani aliendelea, "na kila moja lina herufi zake. M kwetu ilikuwa Migodini. Kwao ilikuwa Mashariki. Mwaka huo treni ya sementi ilifika migodini, na ya baruti ikafika katikati ya mji, imeegeshwa kando ya soko siku mbili, watu wanaikalia kivulini. Ndipo walipokubaliana alama tunazotumia leo."

Aliweka kidole kwenye mstari mmoja wa karatasi. Ilikuwa picha ya ratiba ya siku, iliyopigwa na mfagizi wa ofisi ya udhibiti alfajiri.

"MBS-14. Migodini, Bandarini, shaba."

"Na kumi na nne?" Aliyeuliza alikuwa Mama Mizani. Alifanya kazi kwenye mizani ya malori miaka tisa kabla ya kununua malori yake mwenyewe. Leo alileta mawili, moja lina kreni. Alikuwa amekalia ile ndoo, mgongo umenyooka.

"Tarehe. Siku ilipoondoka, si siku inapopita. Iliyoondoka tarehe kumi na nne inabaki kumi na nne hata ikifika mwezi ujao."

"Kama shemeji yangu," alisema Bubu. "Aliondoka tarehe kumi na nne, dada bado anampakulia."

Mama Mizani alicheka kwa pua. Mkandarasi hakucheka.

Karani alieleza. Jiwe la kilomita 212. Hapo reli inateremka kidogo, inapinda, halafu inaingia kwenye korongo lililochongwa kilimani. Ndani ya korongo barabara ya vumbi inakata reli. Simu hazishiki. Taa za ishara hazijawaka tangu mwaka jana, Mkandarasi na Bubu walipozikata waya zake wakauza, kwa hiyo mashine ya udhibiti haioni kitu pale. MBS-14 inapita saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri. Mabehewa arobaini na mawili. Shaba wanayoitaka iko behewa la kumi na saba na la kumi na nane.

"Treni ikisimama, mambo matatu. Moja, redio ya dereva ivunjwe. Mbili, redio ya gadi, mlinzi aliye behewa la mwisho, ivunjwe. Tatu, bomba la hewa la breki likatwe nyuma ya behewa la kumi na nane. Likikatwa, breki zinashika magurudumu yote. Dereva hata akitaka ujanja wa kuondoka, haondoki."

"Nyuma yake?" aliuliza Mkandarasi.

"Treni inayofuata ni ya saa kumi na moja na dakika mbili. Dakika mia moja na kumi. Kazi yetu ni dakika arobaini."

"Una hakika?"

"Kisichokuwa kwenye ratiba hakipo njiani."

Alisema hivyo kwa sauti aliyoitumia kazini, na chumba kizima kilimwamini. Kisha alivua miwani.

"Na sharti langu."

"Tumelisikia," alisema Mkandarasi.

"Mlisikie tena. Mdogo wangu anaendesha treni kwenye njia hii. Wazazi walipokufa alikuwa na miaka sita, nimemlea mimi, kazi ya reli nimemtafutia mimi. Nimetazama zamu. Leo yuko mapumziko. Ingekuwa yuko njiani, nisingekuwa hapa. Na hata hao wengine, hakuna kupigwa mtu."

"Mdogo wako yuko kwake anakunywa chai, mzee. Hata kikombe chake hakitatikisika."

Saa 8:40 mchana

Karani alipima kwa hatua. Kutoka kwenye barabara ya vumbi alikwenda mbele hatua mia tatu na hamsini, akapiga hesabu ya urefu wa injini na mabehewa kumi na sita, akarudi nyuma umbali wa breki. Kisha akainama, akabana fataki tatu juu ya reli.

Fataki ya reli ni kidude bapa cha bati, kama kopo la ugoro. Gurudumu likiikanyaga inalipuka. Haidhuru kitu. Ni sauti tu, lakini dereva akiisikia kanuni inamlazimisha asimame hapo hapo, hata kama haoni hatari yoyote. Karani aliondoka kazini na tatu mfukoni. Hakuwahi kujua ni za nini mpaka mwezi uliopita.

Mama Mizani aliegesha lori la kreni kando ya barabara ya vumbi, akazima injini. Dereva wake alikuwa kwenye lori la pili. Mkandarasi alikaa mbele, penye fataki, na bastola kiunoni. Karani na Bubu walirudi nyuma hadi mwanzo wa korongo, mahali mkia wa treni ungesimama. Bubu alikuwa na gobori fupi.

"Wewe usifungue mdomo," Bubu alimwambia. "Kazi ya kusema ni yangu."

"Hilo nalijua."

"Gadi akikusikia ukisema kama unavyosema, 'kisichokuwa kwenye ratiba', atadhani amekamatwa na mwalimu wake."

Walilala kwenye nyasi. Jua lilikuwa kali. Bubu alizungumza juu ya viatu vyake, juu ya meno ya mke wake, juu ya lori atakalonunua. Karani alitazama saa yake.

Saa 9:12 alasiri

Ilifika kwa dakika yake. Karani aliisikia kwanza kwenye reli, kisha kifuani. Licha ya yote, alijisikia vizuri. Ratiba ilikuwa sahihi.

Injini ilitokeza juu ya mteremko, pole pole, kilomita thelathini kwa saa kama ilivyoamriwa pale. Ikakaribia. Ikampita, hatua kumi kutoka usoni pake. Naye akaona, kwenye paji la injini, kushoto na kulia, bendera mbili za kijani.

Alikaa kitako.

"Lala chini, mzee!"

Karani hakulala. Mara ya mwisho kuziona bendera hizo kwenye injini ilikuwa miaka ishirini na sita nyuma. Wakati ule, kabla ya taa za umeme, mizigo ikizidi nguvu ya injini moja treni iligawanywa. Sehemu ya kwanza ilitangulia, sehemu ya pili ilifuata, zote mbili kwa alama ile ile na kwa mstari ule ule mmoja wa ratiba. Hakuna karatasi iliyoonyesha treni mbili. Kilichoonyesha ni bendera za kijani kwenye injini ya mbele, na maana yake kila mfanyakazi wa reli aliijua: sijaisha, nyuma yangu kuna mwenzangu.

Taa zilipokuja, mtindo huo uliachwa. Lakini kanuni haikufutwa. Ilibaki kitabuni, ukurasa wa themanini na moja. Taa zilipokufa, reli ilirudi kitabuni. Na taa ziliuawa na watu wawili, mmoja akiwa amelala hapa kando yake anakuna kisigino.

Fataki zililia mbele. Moja. Mbili. Tatu. Breki zikakwaruza kuanzia kichwani hadi mkiani, mabehewa yakagongana, vumbi la chuma likajaa korongo. Treni ikasimama.

Saa 9:17 alasiri

Bubu aliifanya kazi yake vizuri. Alipanda behewa la mwisho, lile dogo la gadi, akatoka na mtu amemshika ukosi. Redio ilipigwa kwenye reli mara mbili, ikawa vipande. Gadi alikuwa mtu mzima, mfupi, mwenye masharubu ya mvi. Alilazwa kifudifudi juu ya kokoto. Mikono ikafungwa nyuma, kisha miguu.

"Tulia, baba. Hatukutaki wewe. Tunataka mzigo," alisema Bubu. "Ukitulia, jioni unakula kwako."

Karani alisimama juu yao, kitambaa usoni. Alihesabu hadi tano. Alijiambia kwamba pengine ni bendera zilizosahaulika. Lakini bendera hazisahauliki, huwekwa kwa amri na kutolewa kwa amri.

"Ya pili iko nyuma kiasi gani?" aliuliza.

Bubu aligeuka, mdomo wazi.

"Dakika ishirini," alijibu gadi kutoka chini, haraka, kama mtu anayejibu simu ya kazini. Kisha akageuza shingo kwenye kokoto. "Karani?"

Hawakuwahi kuonana. Kwa miaka kumi na tisa walizungumza kila wiki kwa simu ya njia, huyu yuko stesheni fulani na treni yake, yule yuko mezani. Gadi ndiye yule aliyekuwa akikohoa kila mara kabla ya kutaja namba.

"Karani wa zamu ya pili. Ni wewe."

"Nani anaiendesha?"

"Jana injini ilikufa njiani, mabehewa yakalala. Leo wakatoa treni kwa sehemu mbili. Dereva wa pili hakuwapo."

"Nani?"

"Wamemtoa mdogo wako nyumbani. Alikuja na kandambili, viatu mkononi."

Bubu alimvuta Karani pembeni. "Umefanya nini? Umefanya nini, mzee? Kakujua kwa sauti! Sasa huyu tunamfanyaje?"

"Kuna treni nyuma yetu."

"Hakuna. Ulisema hakuna."

"Ipo. Inafika dakika kumi na tano zijazo, inakuja mteremko, itaingia kwenye pindo hili bila kutuona. Mtu lazima arudi nyuma na bendera nyekundu na fataki. Ndiyo kazi ya gadi treni ikisimama. Mfungue huyo."

"Nimfungue mtu aliyekujua, umpeleke akakutane na treni yenye redio." Bubu aliinua gobori. "Mimi si mwerevu, mzee, lakini si mjinga hivyo. Twende kwa mkubwa."

Alimburuta gadi, akamrudisha ndani ya behewa lake, akamfunga kwenye mguu wa kiti cha chuma. Akatoka, akabamiza mlango, akapitisha kipande cha nondo kwenye kitasa kwa nje.

Saa 9:23 alasiri

Mabehewa ishirini na manne kwenda mbele, juu ya kokoto, mtutu mgongoni. Karani alitaka kukimbia. Bubu alimwambia atembee. Walitembea.

Behewa la kumi na saba lilikuwa limesimama katikati ya barabara ya vumbi. Hesabu ya Karani ilikosea kwa hatua mbili tu. Kreni ilikuwa imeshainua fungu la kwanza la mabamba ya shaba, mekundu, yanang'aa kama yametoka kuoshwa. Dereva wa treni na msaidizi wake walikuwa wamekaa chini ya ukingo wa korongo, mikono kichwani. Mkandarasi alitabasamu.

"Umechora, mzee. Umechora kama fundi." Kisha akaona gobori. "Nini?"

Karani alieleza kwa sentensi nne. Alitaja bendera, ukurasa wa kitabu, dakika ishirini za gadi, na mdogo wake.

Mkandarasi alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu wa hasira. Hilo ndilo lililokuwa baya.

"Ratiba inasemaje?"

"Ratiba haionyeshi sehemu. Nimekwambia. Alama ni moja, mstari ni mmoja."

"Leo asubuhi umesema kisichokuwa kwenye ratiba hakipo njiani. Nimeandika kichwani. Nimewatoa watu majumbani kwa neno hilo."

"Nilikosea."

"Thelathini na mmoja, miaka yako ya kazi. Hukukosea. Ukakosea leo, baada ya gadi kukujua." Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayehurumia. "Umeogopa, mzee. Unataka kwenda kutuuza ujitoe. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo."

"Muulize dereva!" Karani alimnyooshea kidole mtu aliyeketi ukingoni. "Muulize bendera zake za nini!"

"Kuna sehemu ya pili," alisema dereva bila kuulizwa. "Wallahi ipo. Isogezeni hii treni."

"Ee, naye anataka treni isogee," alisema Mkandarasi. "Wote mnataka treni isogee."

Karani alitazama bomba la hewa nyuma ya behewa la kumi na nane. Lilikuwa limekatwa kwa msumeno, safi. Alitazama dirisha la injini. Waya za redio zilining'inia nje kama utumbo. Alitoa simu, akaitazama. Haikushika. Alilichagua korongo hili kwa sababu hiyo. Kila mlango aliougusa, yeye ndiye aliyeupigia misumari.

"Ni dakika ngapi zimebaki?" Sauti ilitoka juu. Mama Mizani alikuwa ndani ya lori lake la kreni, kiwiko dirishani.

"Tano. Pengine nne."

"Nilifanya kazi mizani," alisema Mama Mizani, kama anamweleza mtu asiyekuwapo. "Malori elfu ngapi sijui. Anayedanganya uzito wa mzigo wake hukutazama machoni. Mwenye hofu ya kweli hutazama barabara." Alimwonyesha Karani kwa kidevu. "Huyu hajatutazama hata mara moja. Anatazama reli."

"Shusha fungu la pili, mama," alisema Mkandarasi.

"Shusha mwenyewe, baba."

Aliwasha injini. Kreni ilikuwa bado imeshika mabamba hewani. Aliyaachia yaanguke kando, mlio ukajaa korongo lote, na lori likaruka mbele kwenye barabara ya vumbi. Lori la pili likamfuata bila kuuliza. Mkandarasi alitoa bastola, akapiga mara mbili, kioo kimoja kikavunjika, malori hayakusimama.

Karani tayari alikuwa anakimbia.

Alisikia jina lake la kazi likiitwa. Alisikia Mkandarasi akisema, "Mpige!" na Bubu akisema, "Nani, mzee?" na Mkandarasi, "Mpige, mbwa wewe!" Risasi za gobori zikagonga chuma mahali fulani juu sana, juu kuliko mtu yeyote anayelenga kweli. Hakugeuka.

Saa 9:29 alasiri

Mtu wa miaka hamsini na minane hakimbii juu ya kokoto. Anaruka, anateleza, anashika mabehewa kwa mkono. Behewa la thelathini. La thelathini na tano. Pumzi ilikuwa kisu. Alipofika mkiani alishika ngazi ya behewa la gadi ili asianguke.

"Nani?" sauti ndani.

"Mimi."

"Bendera iko hapo nje, kwenye ndoano kando ya mlango. Fataki kwenye boksi la bati chini yake." Gadi alikohoa. "Chukua tatu. Hatua mia sita nyuma, ubane moja. Hizo nyingine mbili, hatua kumi mbele zaidi. Ukiwahi."

Alikuwa akisoma ukurasa wa kitabu. Karani alichukua bendera, akachukua fataki. Alitazama nondo kwenye kitasa. Kuing'oa, kuingia, kufungua kamba za Bubu kwenye mguu wa kiti. Dakika mbili angalau. Saa ilikuwa tisa na dakika thelathini. Treni ya mteremko, tani elfu moja na mia nne, hutaka hatua mia tano kusimama kwa mwendo ule. Pindo liliacha mia mbili za kuonekana. Dakika mbili zilikuwa hatua mia mbili na hamsini za miguu yake.

Hesabu ilikuwa fupi. Haikuacha mahali pa kujadili.

Alikimbia.

Alikuwa amefika hatua kama thelathini aliposikia nyuma yake kitu kikigonga ukuta wa behewa, kisigino au kichwa, na sauti ile ya simu ikiwa imeacha kanuni zote.

"Karani! Karani, rudi unifungue! Rudi, ndugu yangu!"

Akaendelea. Alihesabu mataruma yaliyobeba reli, kwa sauti, ili asisikie. Mia moja. Mia moja na themanini. Sauti ya nyuma ikapungua, na mbele reli ikaanza kuimba.

Mia tatu na kumi. Alipiga magoti, akabana fataki, chuma kikamkata kidole. Ya pili hakuwahi. Injini ilikuwa imetokeza juu ya mteremko, kwa dakika yake, nyepesi kuliko ile ya kwanza.

Alisimama katikati ya njia. Akaiinua bendera nyekundu kwa mikono yote miwili.

Kwa sekunde tatu hakuna kilichobadilika. Kisha honi. Kisha mlio wa breki, mrefu, wa kusaga meno, na cheche chini ya magurudumu. Akaruka pembeni. Fataki ikalia karibu kumpasua sikio. Injini ikampita, na dirishani akamwona mdogo wake amesimama wima, mkono wote umelala juu ya breki, macho mbele. Hakumtazama mtu. Alitazama bendera, kisha akatazama reli, kama alivyofundishwa.

Mabehewa yakapita. Karani aliyahesabu, hakuweza kuacha kuyahesabu. La tano lilikwenda kwa mwendo wa baiskeli. La nane kwa mwendo wa mtu anayekimbia. La kumi na mbili kwa mwendo wa mtu anayetembea. Akawaza: itatosha. La kumi na nne lilimfikia, likakaribia kusimama kabisa, na alikuwa ameanza kushusha pumzi.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mlango mzito wa ghala unaofungwa mbali. Kisha nyingine, ndogo, ya mbao.

Kisha kimya.

Saa 9:36 alasiri

Alitembea. Hapakuwa na sababu ya kukimbia.

Injini ya pili ilikuwa nzima. Taa moja imevunjika, chuma cha mbele kimekunjika kidogo. Ilikuwa imesukuma kwa mwendo wa mtu anayetembea, tani elfu moja na mia nne nyuma yake, na behewa la gadi, dogo kuliko yote na la mbao nusu yake, lilikuwa limebanwa kati yake na behewa la arobaini na mbili, likapanda juu, likajikunja. Urefu wake sasa ulikuwa kama wa kabati.

Mdogo wake alikuwa ameshuka. Alikuwa na damu kwenye nyusi na viatu visivyofungwa kamba. Alisimama chini ya injini yake akijishika magoti, anahema. Akainua macho.

"Kaka?"

Karani alisimama.

"Kaka, ni wewe? Wewe ndiye uliyesimama pale?" Alikuja, akamshika mabega, akamtikisa, akacheka, akaanza kulia, akacheka tena. "Ningeingia kwa kasi yote. Ningekuwa mchuzi. Unafanya nini huku, kaka? Nani amekuleta? Mungu amekuleta."

Kutoka upande wa mbele wa korongo kulisikika dereva wa treni ya kwanza akipiga kelele kwamba wamekimbia, wamepanda ukingo, wawili, shikeni wale. Hakuna aliyewafuata.

Mdogo wake alifuta macho kwa kiganja. Taratibu uso wake ulirudi kazini. Aliitazama bendera mkononi mwa kaka yake. Mpini wake ulikuwa umepigwa muhuri, kama bendera zote za magadi, kwa namba ya mwenyewe.

"Hii ni ya gadi," alisema. "Basi alikuwa nyuma anatukinga, akakupa? Yuko wapi? Ameumia?"

Alimgeukia msaidizi wake aliyekuwa bado ameketi kwenye ngazi ya injini.

"Nenda nyuma huko kwenye nyasi, mtafute gadi. Mzee mfupi, ana masharubu. Pengine ameanguka akikimbia."

Msaidizi alishuka, akaanza kupanda ukingo. Akafika kwenye nyasi, akaweka mikono mdomoni, akaita. Akasubiri. Akaita tena, mbali zaidi.

Karani alikuwa na sentensi tayari, fupi, ya maneno manne. Aliishika mdomoni. Mdogo wake alikuwa ameegemea bega lake, mzito, mzima, anatetemeka kama alivyokuwa akitetemeka akiwa na miaka sita.

Kule kwenye nyasi msaidizi aliendelea kuita. Karani alimwacha aite.